Shukrani Niliyoitoa Mapema

Walianza na meza.

Nilikuwa chumbani, nimekaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi, nikasikia miguu ya meza yangu ya sebuleni ikikwaruza sakafu, kisha sauti za wanaume wakielekezana namna ya kuipitisha mlangoni. Nikatoka. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa amesimama katikati ya sebule, kanga ameifunga kiunoni, anaonyesha kwa kidole kitakachofuata.

"Wifi, meza yangu inakwenda wapi?"

"Watu wanaongezeka. Watakaa wapi?"

"Si kuna viti?"

"Viti havitoshi," alisema bila kunitazama, na kidole chake kikahamia kwenye kochi.

Kwetu Kilosa nyumba ikifiwa, samani hutoka. Makochi, meza, kabati la televisheni, vyote hupelekwa kwa jirani au husogezwa uani, mikeka ikatandikwa, akina mama wakakaa chini, na marehemu akiletwa akapata pa kulazwa. Hakuna haja ya kutangaza. Ukipita njiani ukaona makochi ya mtu yametolewa nje juani, unapunguza sauti na kuvua kofia. Lakini mume wangu hakuwa amekufa. Alikuwa hajaonekana tangu jana yake asubuhi, basi. Mtu asiyeonekana na mtu aliyekufa ni watu wawili tofauti, na mimi nilikuwa tayari kugombana na ukoo mzima juu ya tofauti hiyo.

"Rudisheni meza," niliwaambia wale wanaume.

Wakamtazama wifi. Wifi akanishika bega, akanirudisha chumbani taratibu, kama anavyorudishwa mgonjwa aliyeamka kabla ya wakati. Nikasikia kochi nalo likitoka.

Mume wangu alikuwa mtu wa reli, reli ile ya zamani, siyo hii mpya ya umeme inayopita juu ya madaraja na kupotelea kwenye matundu ya milima. Kazi yake ilikuwa kutembea. Asubuhi alibeba nyundo na spana ndefu begani, bendera amezikunja kwapani, akaifuata njia kando ya mto Mkondoa akitafuta nati iliyolegea, taruma lililooza, ile mbao ya kulazia reli, kokoto zilizoliwa na maji. Kazi hiyo ilikuwa imemwingia miguuni. Mataruma yamekaa karibu mno kwa hatua ya mtu mzima, na ukiruka moja umbali unazidi, kwa hiyo watu wa njia hujifunza mwendo wao wenyewe, wa hatua fupi zinazodunda kidogo. Hata tukienda kanisani, juu ya lami, alitembea hivyo hivyo. Nilikuwa nikimwambia, "Baba, taruma hakuna hapa, tembea kama watu." Alicheka, na hatua mbili tatu baadaye akarudia palepale.

Mimi ni mtu wa kupanga. Nashona nguo kibarazani, na kila mteja anajua nguo yake itatoka lini, na hutoka siku hiyo. Baba yangu alikuwa katekista huko milimani juu ya Mikumi, na tangu utoto nilifundishwa kwamba mambo yote yako mikononi mwa Mungu. Niliamini hivyo kwa moyo wote, kwa sababu mambo yangu mengi yalikuwa yakienda kama nilivyoyapanga. Ni rahisi kumwachia Mungu usukani wakati gari linaelekea unakotaka wewe.

Wiki ile mvua ilinyesha milimani mfululizo. Mjini kwetu ilikuwa manyunyu tu, na jua lilichungulia mara kwa mara, lakini mto ulikuja na rangi ya chai ya maziwa, halafu rangi ya tope, halafu ukaanza kuleta vitu. Ulileta migomba. Ulileta mlango wa nyumba, na kitasa chake bado kipo. Watu walisimama juu ya tuta wakitazama mlango ule unavyozunguka majini. Mto wetu ukijaa hauungurumi sana kama wageni wanavyodhani. Unatoa sauti ya chini, unaisikia kifuani kabla ya masikioni, na usiku na mchana inakufuata mpaka jikoni.

Asubuhi ile alipokuwa anafunga buti nilimwambia asiende. Sikuwa nimeota wala kuona ishara yoyote. Nilichukia tu ile sauti.

"Njia ikiliwa na maji nani ataona?" aliniuliza. "Treni ya mizigo ikija ikadumbukia, utasema nilikuwa nakunywa chai na mke wangu?"

"Nitasema hivyo. Nitawaambia na chai yenyewe ilikuwa ya tangawizi."

Akacheka, akaenda. Sikumsindikiza mlangoni, kwa kuwa simsindikizi siku yoyote.

Mwenzake wa genge la njia, kikosi chao cha reli, ndiye aliyeleta habari. Alifika kibarazani kwangu kabla ya saa sita, tope limemfika kiunoni, akasimama tu. Nilikuwa nakata gauni la mteja. Nakumbuka mkasi uliendelea kukata wakati mimi nimeshanyamaza.

"Shemeji," alisema, "njia imekatika."

"Na mwenzako?"

"Njia imekatika, shemeji."

Ilibidi nimkalishe nimpe maji ndipo akaeleza. Walikuwa wakitembea pamoja kandokando ya mto. Yeye alibaki nyuma kukaza nati, mume wangu akatangulia, akapinda kona. Kisha akasikia kishindo, kama gunia zito limetuliwa chini. Alipoifikia kona hakukuwa na tuta. Reli zilikuwa zinaning'inia hewani na mataruma yake, na chini yake maji yalikuwa yanapita kwa kasi ya kutisha. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Hakuitikiwa.

"Kwa hiyo hukumwona akianguka," nilimwambia.

"Sikumwona."

"Basi amevuka. Alikuwa ameshapita lilipokatika. Yuko ng'ambo."

Akasema, "Inawezekana, shemeji." Na kweli ilikuwa inawezekana. Ng'ambo ya pale kuna njia za miguu zinazopanda milimani mpaka vijijini, na mtu anayezijua anaweza kukata mapori akatokea barabara ya Mikumi. Mume wangu alizijua. Nilishika neno hilo moja, inawezekana, kwa mikono miwili, na sikumruhusu mtu kulisogelea.

Nilipiga simu yake. Yule mwanamke wa kwenye mtandao akaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Mpaka jioni nilikuwa nimemchukia yule mwanamke kama mtu ninayemjua, na ule upole wake, na lile neno lake "kwa sasa".

Akina mama wa umoja wetu kanisani walikuja kuomba. Ni wenzangu wa miaka mingi, nusu yao wamevaa sare nilizoshona mimi. Wakapiga magoti, na mmoja akaanza vizuri, akamshukuru Mungu, akawakumbuka walio safarini, kisha akasema kwa sauti ya kushuka, "Lakini mapenzi yako, Baba, yatimizwe."

"Acha," nilisema.

Wote wakafungua macho.

"Usimwambie hivyo. Atachukulia kama ruhusa."

Naona aibu hata kuandika, lakini ndivyo nilivyosema, na ndivyo nilivyokuwa nahisi: kwamba Mungu alikuwa amesimama mlangoni pangu anasubiri mtu mmoja tu alegeze kidogo, ili achukue. Mchungaji wetu, kijana mpole ambaye naweza kuwa mama yake, alikuwa kwenye benchi la wanaume nje. Alisikia. Hakuja kunisahihisha. Alitazama chini na kuendelea kuzungusha kofia yake.

Siku ya pili ndiyo waliyoanza kutoa samani, na ndiyo siku kaka yangu alipopiga kutoka Mikumi. Ana kibanda cha chakula kando ya barabara kuu, na nilikuwa nimemwagiza aulize kila dereva na kila mpita njia.

"Mdogo wangu," alisema, "usinielewe vibaya. Kuna mtu ameletwa hospitali hapa. Hajitambui. Kavaa buti za kazi, hana kitambulisho. Wanasema aliokotwa kwenye barabara ya kutoka huko kwenu."

Nikapiga magoti palepale, bila maneno. Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la kwanza. Wifi alitaka nimchukue mtu wa kunishika, nikamwambia sijalegea bado.

Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi ilikuwa imelainika kama ugali usioiva. Kila mara tulishuka, basi likasukumwa, tukapanda. Nilimtazama kila mwanamume aliyekuwa anatembea kando ya barabara, nikamtazama miguuni kabla ya usoni, nikitafuta ule mwendo. Tulipokaribia Mikumi tukakuta kinyesi cha tembo katikati ya barabara, kibichi, bado kinafuka mvuke. Kondakta akasema wamevuka sasa hivi. Abiria wote tukatazama majani pande zote mbili. Majani yalitulia kabisa, na hatukuona hata mkia. Sijui kwa nini jambo hilo lilinikata maini kuliko mto wote ule. Mnyama mkubwa kiasi kile alikuwa hapo, ametuona, na sisi hatumwoni.

Hospitalini muuguzi alinitangulia kwenye wodi ya wanaume. Kaka yangu alinishika kiwiko. Mtu yule alikuwa amefungwa bendeji kichwani mpaka kwenye nyusi, mrefu kama mume wangu, mweusi kama yeye, mikono yenye sugu kama yake. Muuguzi akashusha shuka.

Hakuwa yeye.

Nilimchukia. Nasema kweli, mtu asiye na kosa, amelala kati ya kufa na kupona, nikamchukia kwa kutokuwa mume wangu.

"Ni wenu?" aliuliza muuguzi.

"Siyo wetu."

Nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, nilikuwa nimeshageuka niondoke. Nikarudi nikamshika mguu juu ya shuka. Ulikuwa wa baridi. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mungu, huyu ana mwenyewe mahali," na sikuweza kuendelea. Ndilo ombi pekee siku zile ambalo halikuwa na hila ndani yake. Ndani ya basi la kurudi nilijaribu kuligeuza liwe na faida. Nilijiambia kwamba huenda mahali fulani mwanamke mwingine ameushika mguu wa mume wangu na kumwombea vilevile. Ilinituliza mpaka kijiji cha Ulaya, halafu mvua ikaanza tena.

Nilipofika nyumbani mchana, makochi yote yalikuwa uani yamefunikwa turubai. Moto mkubwa ulikuwa umewashwa nje kwenye mafiga, na sufuria la shughuli limekaa juu yake. Mikeka ilikuwa imetandikwa sebuleni, na akina mama walikaa wameegemea ukuta, miguu wameinyoosha. Mmoja akasogea, akapigapiga mkeka kwa kiganja kunionyesha nafasi yangu, ile nafasi ya mfiwa, katikati ya ukuta wa mbele.

Sikukaa. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu, kwa sababu mlangoni si ndani wala si nje, na hakuna anayekaa matanga amesimama. Kutoka mlangoni kwangu unaiona reli, ng'ambo ya bustani za mboga. Nikawa naitazama.

Hapa lazima nieleze jambo. Babu yake mume wangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge Kimamba, na Wanyamwezi na wenyeji wa huku ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mume wangu alikuwa na mtani wake wa haswa, mzee mmoja mkulima wa Mvumi. Kila akija mjini alipita kwetu kumtukana. Alimwita mtumwa wake, alimdai kuku, alikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Zaidi ya yote alimwiga mwendo. Alipita uani hatua fupi fupi, akidunda, shingo mbele, nyundo ya kufikirika begani, mpaka watoto wa jirani wakaanguka kwa kicheko na mume wangu mwenyewe akafuta machozi.

Msibani mtani ana kazi yake. Ndiye anayeruhusiwa kucheka watu wanapolia. Huvaa nguo za marehemu, huiga sauti yake na mwendo wake, humwambia aamke aache uvivu, na wafiwa hujikuta wanacheka huku wanalia, na kile kilichowakaba koo kinalegea. Ni desturi nzuri. Nimeiona ikiokoa watu. Lakini haianzi mpaka kifo kiwe kimejulikana, na huyu mzee wa Mvumi alikuwa ameitwa kwa simu. Wifi alimwambia, "Mtani, njoo, mambo ndiyo hayo." Mtu yeyote wa kwetu akiambiwa hivyo anaelewa kwamba mwili umepatikana. Alipofika uani akayaona makochi nje, akauona moto, akaiona mikeka. Hakuuliza zaidi. Angeuliza nini? Alizunguka nyuma ya nyumba, akachukua koti kuukuu la mvua la mume wangu lililokuwa nyuma ya mlango wa jiko, lile la rangi ya chungwa lenye mikanda inayong'aa, akavuta kofia yake mpaka machoni, akajitwika mpini wa jembe begani. Akashuka kimya kimya hadi kwenye reli ili aje akitokea huko, kama alivyokuwa akija mwenyewe.

Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa nimesimama mlangoni natazama reli katika manyunyu.

Nikaona koti la rangi ya chungwa. Lilikuwa linakuja juu ya mataruma, hatua fupi fupi, likidunda, kichwa kimeinama kwa mvua, nyundo begani.

Mkoba ulinianguka. Nikapiga kelele, "Asante Mungu! Asante Mungu wangu!" Sikusema mara moja. Niliendelea kusema huku nakimbia, nimepita katikati ya mboga za watu, kandambili zimebaki kwenye tope, kanga imenidondoka, nashukuru kwa sauti ambayo nyumba zote za upande ule ziliisikia. Nilimwahidi Mungu kila kitu. Nilimwomba radhi kwa yale niliyowaambia akina mama. Nilimwambia nilijua, nilijua tu, kwamba hawezi kuniacha. Na nilimaanisha. Hakukuwa na sehemu yoyote ya mwili wangu iliyobaki nyuma ikisitasita.

Yule mzee alisimama. Aliponiona jinsi nilivyokuwa nakuja, mikono nimeifungua, uso unacheka, akaelewa. Akainua kofia. Niliuona uso wake nikiwa bado nakimbia, na miguu haikusimama hapohapo. Ilinifikisha mpaka kwake, nikamshika koti kifuani, nikaendelea kumtazama nikingoja abadilike.

"Shemeji," alisema. "Shemeji yangu. Niliambiwa ameshapatikana."

Nikakaa chini juu ya kokoto. Alivua koti lile haraka kama linamuunguza, halafu hakujua aliweke wapi, akabaki amelishika mbali na mwili wake, mzee wa umri ule, analia kwa sauti. Wifi alitufikia akihema. Nilitegemea nitamrukia. Nilitaka. Lakini yeye naye alipiga magoti kwenye tope akaficha uso, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa amepoteza mdogo wake, na kwamba kutoa meza yangu ndiyo kazi pekee aliyoiona ya kufanya.

Hakuna aliyeniambia nirudi ndani. Mchungaji alikuja akakaa kwenye reli kando yangu, na suruali yake nzuri, mvua ikimnyeshea. Hakuomba. Nilimshukuru kwa hilo moyoni, na kisha nikakasirika kwamba nimeshukuru tena.

Usiku ule maji yalishuka. Asubuhi watu wa genge la njia wakarudi kwenye lile pengo, na yule mwenzake akaona buti.

Hakuwa amevuka, wala mto haukumpeleka popote. Tuta lilimporomokea na kumfunika palepale chini ya kona, hatua chache kutoka mahali mwenzake aliposimama akiita mpaka sauti ikamkauka. Daktari alisema lilikuwa jambo la mara moja. Alisema hivyo kwa kunifariji, nami nilikubali kufarijika, lakini baadaye nilihesabu kimoyomoyo. Nilipokuwa namkalisha mwenzake na kumpa maji, mume wangu alikuwa ameshakufa. Nilipowazuia akina mama kuomba, alikuwa ameshakufa. Nilipomshika mguu yule mgeni kule Mikumi, na tembo walipokuwa wanatutazama majanini, na kila nilipopiga ile namba, ameshakufa.

Tulimzika kwenye makaburi ya kanisa letu. Mzee wa Mvumi alikuja, akachimba kaburi pamoja na wengine, lakini hakutania. Alisimama pembeni na mikono yake nyuma mpaka tukamaliza. Watu wanasema hawajawahi kuona maziko ya namna hiyo, Mnyamwezi anazikwa, mtani wake yupo, na hakuna aliyecheka. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kilio.

Mwezi mmoja baadaye mchungaji alinitembelea. Samani zilikuwa zimerudi, ingawa si mahali pake, na sikujishughulisha kuzipanga. Alikunywa chai, akaizungusha kofia yake, mwishowe akalitamka lililomleta.

"Mama, kuhusu siku ile. Ile shukrani uliyoitoa mbele ya watu. Nadhani inakusumbua. Nataka ujue Mungu anaelewa ilikuwa ni makosa. Haihesabiki."

"Usiifute," nilimwambia.

Akaacha kuizungusha kofia.

"Mchungaji, mimi nimesali tangu sijui kusoma. Baba yangu alikuwa katekista. Nimeimba, nimefunga, nimeshona mpaka nguo zako za madhabahuni. Lakini sijawahi kumwamini Mungu kama nilivyomwamini kutoka pale mlangoni hadi kwenye reli. Sikubakiza kitu. Na mume wangu alikuwa chini ya udongo siku tatu."

Akanimiminia chai, na nilimpenda kwa kutonihubiria. Nje treni mpya ilipita juu ya daraja lake, vikombe vikatikisika kidogo kwenye sinia.

"Sasa unaomba nini, mama?" aliniuliza baadaye, polepole, kama mtu anayeogopa jibu.

Nilimwambia ukweli. Ninaomba nimwamini vilevile tena, mara moja tu kabla sijafa, nikiwa nimeshauona uso ulio chini ya kofia ile ya mtani.